Kwa Kaka Semei, Aliyegawa Injini Nyumba kwa Nyumba

Mwaka umetimia, Semei, tangu ulipoanguka mbele ya duka lako hapa Juba, mtaa wa Hai Jalaba, ukiwa na spana mkononi, na kabla jua halijazama ukawa umeshatutoka. Familia imeniambia niandike kumbukumbu hii mimi, Norman, mdogo wako. Nilikataa. Mkeo Robinah akasema, "Wewe ndiye uliyegombana naye zaidi, kwa hiyo wewe ndiye unayemjua." Basi naandika.

Ulikuwa mkaidi, kaka. Naanza na hilo kwa sababu wengine watasema ulikuwa mpole, na watu watadhani wanasoma habari za mtu mwingine. Upole ulikuwa nao, lakini ulikuwa upole wa mtu asiyekubali kuharakishwa. Mteja akija kutaka plagi, ulimuuliza kwanza ile ya zamani imekufa vipi, na asipojua ulitoka naye nje mkaangalie. Foleni ilikuwa inafika barabarani. Kanisani ulinuka petroli hata siku ya Pasaka, mpaka Robinah akawa anahamia benchi la kwaya ilhali haimbi. Chai yako ilikuwa na tangawizi ya kumtoa mgeni machozi. Na injini ulizungumza nazo kwa Kinyankole. Ulisema Kiingereza zimeshakisikia cha kutosha.

Binti yako Angella anasema anachokikosa ni mluzi wako wa asubuhi ukifungua duka. Mimi ninakosa kuulizwa. Kila nikirudi na lori kutoka mpakani Nimule, kabla hujanipa pole ya safari, uliuliza kama niliangalia nyuma ya gereji za Nesitu kuna chuma gani kimetupwa. Sasa napita Nesitu na bado naangalia, na sina wa kumwambia.

Duka la spea ndilo lililotulisha. Lakini wote tulijua moyo wako ulikuwa nyuma ya duka, pale uani chini ya mabati, kwenye pikipiki za zamani. Sisi wengine tuliona kutu. Wewe uliona kazi ambayo mtu mmoja hawezi kuimaliza, na hilo ndilo lililokufurahisha. Sikulielewa wakati huo. Nilidhani unapenda vyuma.

Watu wako uliwaokota barabarani. Wiyual alikuwa anapita na Honda ya kale, injini inakohoa, ukatoka dukani mbio ukasimama katikati ya njia na mikono juu. Yeye akadhani ni kizuizi kipya, akaanza kutafuta vitambulisho. Wewe ukainama kwenye injini ukamwambia valvu imelegea, na kwamba kuendelea kuiendesha hivyo ni dhambi. Wiyual ni dereva wa gari la maji, mtu wa maneno machache. Siku ile alifika kazini amechelewa na mikono myeusi, na Jumapili iliyofuata alikuwa uani kwako.

Nyanut, muuguzi, alikuja kutafuta kebo ya klachi ya pikipiki aliyoachiwa na marehemu baba yake. Ukakataa kumuuzia mpaka uione pikipiki yenyewe. Akakuambia, "Usta, mimi nimeomba kebo, sijaomba ndoa." Usta ndilo jina walilokuita, kama fundi anavyoitwa hapa Juba. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Kisha ukaenda naye kuiona.

Wengine hukuwahi kuwaona kwa macho. Kulikuwa na Josline wa kule Jinja, mliyekuwa mkitumiana sauti za injini kwa simu. Robinah akauliza huyo mwanamke wa Jinja ni nani. Hukubishana, ulimpa simu asikilize. Akasikia injini ikinguruma tu, haina salamu wala kwaheri. Akakurudishia simu akasema kama ni hivyo, sawa, endeleeni.

Na Tombe, mkulima wa Rejaf anayetuletea bamia. Yeye ndiye aliyekuletea ile BSA, pikipiki ya Kiingereza ya zamani. Ilikuwa ya babu yake, katekista aliyekuwa akizunguka nayo vijijini kufundisha. Vita vilipokuja waliificha ghalani chini ya mabua, wakakimbilia Uganda, wakazaa watoto huko, wakarudi, nayo bado ilikuwa pale. Kuku walikuwa wanatagia kwenye kiti. Tombe alikuambia kwamba hana picha ya babu yake hata moja, ila ile pikipiki. Ukamwambia itatembea mpaka Rejaf.

Sasa niseme juu ya desturi yako, maana wasomaji wengine hawaijui.

Mwaka ule wa mapigano walivunja ua wako wakabeba kila kitu. Pikipiki zilizokuwa wazi, zilizofungwa, hata boksi la nati. Ulipoanza upya uliapa kwamba injini haitalala tena yote chini ya paa moja. Tangu hapo, kila mliyoifungua mliigawa. Kila mtu alipeleka kipande kimoja nyumbani kwake, akakisafisha, akakitunza mpaka siku ya kuunganisha. Ulikitoa mbele ya wote, mkono kwa mkono, ukitaja jina la mtu. Na hakuna kurudisha kabla ya siku hiyo. Mimi nilisema huo ni wazimu, siku moja mtu atahama na gia boksi. Ulinijibu kwamba mtu mwenye kipande cha injini chini ya kitanda chake lazima arudi. Na kweli walirudi, kila Jumapili baada ya ibada, watu ambao hapa mjini wasingeketi pamoja kwa sababu nyingine yoyote. Robinah aliwapelekea chai chupa mbili, na chupa zilirudi tupu.

Injini ya BSA mliigawa hivyo. Tombe alichukua gia boksi. Nyanut alichukua kichwa cha silinda. Pistoni ulikaa nayo wewe. Wiyual ulimpa kabureta, ile ya asili ya Kiingereza, yenye kikombe pembeni, ambayo hapa Juba huipati hata ukilia. Wote waliona ukimpa.

Halafu ukafa.

Tulikupeleka nyumbani Bushenyi, Uganda, kwa barabara. Tombe na Nyanut walikusindikiza na pikipiki zenu za zamani mpaka Nesitu. Pale ya Tombe ikazima, akabaki kando ya njia amevua kofia mpaka gari lako likapotea. Wiyual hakuwepo. Alikuwa amesafiri kwenda Malakal kumwona mama yake mgonjwa, na habari zilimkuta huko.

Miezi ikapita. Robinah akarudi Juba kufungua duka, kwa sababu, alisema, nyumbani Bushenyi kila mtu alikuwa anamhurumia na hakuna aliyempa kazi. Wenzako wakaja kumwomba awaruhusu kuutumia ua. Walitaka kuimaliza BSA, na mwaka ukitimia waende nayo Rejaf kwa akina Tombe, kama ulivyoahidi. Robinah akakubali, akaanza tena kuchemsha chai.

Siku ya kuunganisha nilikuwepo. Nilitaka kuona kama kweli watarudisha. Tombe alikuja na gunia, na ndani yake gia boksi linang'aa kuliko sufuria za nyumbani kwangu. Nyanut alikuwa ametunza kichwa cha silinda kabatini pamoja na sahani. Pistoni tuliikuta chini ya kitanda chako, imeviringishwa kwenye blanketi ya utotoni ya Angella, na hapo nilitoka nje kidogo nikarudi.

Wiyual alikuja mikono mitupu.

Alisema kabureta alikurudishia wewe. Kabla ya kwenda Malakal alipita dukani, hakutaka kuiacha kwenye nyumba isiyo na mtu, akakupa. Hakuna aliyeona. Nami nilikuwa nimepekua duka zima, rafu kwa rafu. Haikuwepo.

Tombe akamuuliza kwa nini avunje desturi. Wiyual akasema safari ilikuwa ya ghafla. Tombe akauliza mbona hakupiga simu kuwaambia. Wiyual akasema alikuwa na mama anayekufa, hakuwa na kichwa cha kufikiria kabureta.

"Nilimpa usta mkononi," akasema. "Khalas. Basi."

"Usta amekufa," Tombe akasema. "Ni rahisi kumpa maiti kitu. Maiti hasemi hakupewa."

Kaka, ungekuwepo ungempiga Tombe kofi. Mimi nilinyamaza. Na Tombe hakuishia hapo. Alisema kitu kuhusu watu wa kwao Wiyual. Sitakiandika, na wewe hukuruhusu kisemwe uani kwako hata siku moja. Wiyual akachukua kofia yake ngumu, akaivaa taratibu, akafunga mkanda wake, akaondoka. Nyanut akamwambia Tombe kwamba kama uani hapa tumeanza kuhesabiana makabila, basi na yeye ahesabiwe huko nje. Akaondoka pia.

Tukabaki mimi na Tombe na injini isiyo na pumzi.

Nikakubaliana na Tombe jambo moja tu, kwamba Robinah asisumbuliwe. Mjane ana mzigo wake, hatumpelekei ugomvi wa wanaume na vyuma. Tulidhani tunamheshimu. Jumapili zikapita, Tombe akija peke yake anakaa kwenye kopo la rangi anaiangalia BSA, hagusi kitu. Baadaye hata yeye akaacha kuja. Ndipo nilipoelewa kilichokuwa kinakufa. Pikipiki ingeweza kukaa miaka mingine hamsini ghalani. Lakini wale watu ndio uliotuachia, hukuwa na mali nyingine, nasi tulikuwa tunawapoteza mwaka haujaisha.

Kilichotuokoa ni chai. Robinah alikuwa bado anaipeleka uani kila Jumapili na kuikuta chupa imejaa vilevile. Siku moja akaniwekea zote mbili mezani mbele yangu.

"Shemeji, nimekosea tangawizi, au watu wamekwenda wapi?"

Nikasema wana shughuli. Akaniangalia. Nikamwambia yote, kabureta, Wiyual, Tombe na maneno ya Tombe. Nilipokuwa naeleza kabureta yenyewe, ndogo, nyeupe, yenye kikombe pembeni, aliketi.

Akasema ilikuwa kwenye mfuko wa ovaroli yako. Ile uliyoanguka nayo. Hospitali walimpa nguo zako ndani ya mfuko, akaikuta. Hakujua ni ya pikipiki gani, alijua tu kwamba ulikuwa umeibeba kifuani siku yako ya mwisho. Akaiosha kwa sabuni, akaifunga kwenye kitambaa chake cha kichwa, na alipokuvika suti akakuwekea mkononi, chini ya sanda, mahali ambapo hakuna mtu angeona.

"Sikutaka aende mikono mitupu," akasema. "Kwa nini hamkuniuliza?"

 Kila mmoja wetu alikuwa amepekua kila mahali isipokuwa kwa mtu aliyepokea nguo zako za kazi.

Hakungoja Jumapili. Alinituma nimpigie Tombe aje na pikipiki, na alipofika akapanda nyuma yake bila kumsalimu, akamwambia, "Gudele. Kwa Wiyual." Mimi nikafuata na boda. Njia nzima, Tombe aliniambia baadaye, Robinah hakusema neno ila mara moja tu, kumwambia asiruke mashimo.

Wiyual alikuwa anaosha gari la maji. Alipomwona Mama Angella, ndivyo anavyomwita, alifunga maji akaleta kiti. Tombe hakumtazama. Robinah akakataa kuketi. Akamwambia akiwa amesimama, mbele ya majirani waliokuwa wamejaa pale na mitungi yao.

"Wiyual, mwanangu, ulichompa mume wangu alikipokea. Ni mimi niliyemzika nacho. Kiko mkononi mwake mpaka leo. Umeitwa mwizi kwa jambo langu, nimekuja kukuomba msamaha."

 Wiyual akaanza kucheka. Alicheka akiegemea tangi la gari, akapangusa macho kwa mkono wenye povu, na hapo hakuwa anacheka tena.

"Nilipompa, aliniambia, nenda kwa mama yako, hii nitaitunza mimi," akasema. "Basi ameitunza."

Tombe akasema, "Malesh." Pole, kwa Kiarabu chetu cha hapa. Sauti haikutoka vizuri, akarudia. Wiyual hakumjibu upesi, na mimi namheshimu kwa hilo. Alisema pole ameisikia, lakini maneno yale hayakusemwa Gudele, yalisemwa uani kwa usta mbele ya Nyanut. Atarudi uani siku atakayoyasikia yakirudishwa palepale, mbele ya walewale. Kisha akatuambia tukae, chai inakuja.

Jumapili ile Tombe alisimama uani kwako, kaka, mkulima mzima mwenye wajukuu, akayarudisha maneno yale. Hakujitetea kwa babu yake wala kwa uchungu. Alirudia alivyomwita Wiyual mwizi, akasema kwamba ulikuwa uongo, akakitaja pia kile alichosema kuhusu watu wa kwao, na akaomba radhi kwacho. Nyanut alikuwa ameletwa. Ilichukua muda mfupi sana na nadhani ni kazi ngumu kuliko zote zilizowahi kufanyika chini ya mabati yale. Wiyual akamsikiliza mpaka mwisho. Akamuuliza kama amekuja na bisibisi au amekuja kuhubiri tu.

Mtu mmoja kule nyumbani Bushenyi aliuliza kama kaburi linaweza kufunguliwa kwa ruhusa. Usishtuke. Dada yetu Betty alimjibu, na sidhani kama atauliza tena.

Nyanut ndiye aliyeandikia watu wako wa kwenye simu. Hakueleza mengi, alisema usta amekwenda na kabureta yake na sisi tumekwama. Josline wa Jinja, mtu ambaye hatumjui sura, aliifungua ya kwake kutoka kwenye pikipiki yake mwenyewe, akaifunga kwenye taulo na kuipa basi la Juba. Alituma ujumbe wa sauti, mara ya kwanza tukasikia anavyozungumza. Alisema pikipiki yake inaweza kukaa bila kuwaka, imeshakaa kabla, tumrudishie kabureta tukipata nyingine.

Waliiunganisha BSA mchana kutwa, wakibishana. Tombe alitaka Wiyual apige kiki ya kwanza. Wiyual akataka Tombe, kwa sababu ya babu. Nyanut akachoka kuwasikiliza akapanda yeye. Ilikohoa, ikatema moshi mweusi usoni mwa Tombe, ikazima. Akapiga tena, ikawaka. Ungeisikia, kaka. Sauti nzito, ya polepole, kama mtu mzima asiyekubali kuharakishwa. Robinah alitoka jikoni na unga mikononi. Hakuna aliyepiga kelele. Tulisimama tu tukaisikiliza, na Nyanut akarekodi sauti akamtumia Josline, bila maneno, kama mlivyokuwa mkifanya ninyi wawili.

Wiki iliyopita walikwenda nayo Rejaf. Wiyual aliendesha, Robinah nyuma yake amekaa upande mmoja na gauni lake la kanisani, Tombe na Nyanut nyuma yao wakila vumbi. Wazee wa Rejaf walitoka nje waliposikia ule mlio. Mmoja, kipofu sasa, aliuliza kama katekista amerudi. Tombe akaenda akamshika mkono, akauweka kwenye tangi.

Chupa za chai zinarudi tupu, kaka. Nilitaka ujue hilo.

Ibada ya kukukumbuka itakuwa Jumapili hii asubuhi kanisani, kisha wote tutakutana uani nyuma ya duka. Anayekuja na injini ya zamani aje nayo, hata isiyowaka. Asiye nayo aje hivyo hivyo, kwenye makopo ya rangi kuna nafasi.

Wanaokukumbuka ni mkeo Robinah, binti yako Angella na mumewe na wajukuu zako, dada yetu Betty na ukoo wote ulioko Bushenyi, na mimi mdogo wako Norman. Robinah ameagiza na wenzako wa uani waandikwe humu pamoja na ndugu wa damu, si chini yao. Nyanut nilimtaja kwanza, na Tombe nikamwandika wa pili, kwa kuwa BSA ilitoka kwao. Jana alipita dukani na bamia, nikampa asome. Alisoma taratibu mpaka hapa, akaniomba nifute, jina la Wiyual litangulie lake.

Nimelitanguliza. Nyanut, Wiyual, Tombe.

Hutatutoka moyoni, Semei, siku zote za maisha yetu.